Vitabu vya unabii wa mapapa: kutoka Venice hadi milima ya Sila

Maelezo haya yameandikwa nyumbani, kutokana na daftari la safari na picha za simu. Ratiba ilipangwa kufuata aina moja ya kitabu: miswada, yaani vitabu vilivyonakiliwa kwa mkono, ya Italia ya karne ya 15 na 16 iliyotabiri kwa picha nani atashika madaraka. Papa gani atafuata, mfalme yupi atavishwa taji la kaizari, Waturuki wataondoka lini Konstantinopoli. Kitabu kikuu cha ukoo huu kinaitwa Vaticinia de summis pontificibus (“Unabii kuhusu mapapa”), na kwa karne nyingi kilidhaniwa kuwa kazi ya abati Joakimu wa Fiore, mkuu wa monasteri wa karne ya 12 katika milima ya Sila, kusini mwa Italia.

Kwanza makaratasi. Ada ya viza ya Schengen kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Andikia maktaba kabla hujaomba miadi ya viza, maana jibu lao likiambatanishwa kwenye maombi linaeleza safari vizuri kuliko maneno yako mwenyewe. Barua ya utambulisho kutoka chuo au taasisi ibebwe kwa karatasi, nakala tatu, yenye mhuri. Na angalia kalenda: Maktaba ya Vatican hufungwa kiangazi, takriban kuanzia katikati ya Julai hadi katikati ya Septemba. Sisi tulichagua Oktoba.

Jumatatu, Venice

Basi la uwanja wa ndege wa Marco Polo hadi Piazzale Roma ni euro 10. Kuanzia hapo ni miguu au boti ya abiria, na tiketi moja ya boti ni euro 9.50 kwa dakika 75. Mwenye begi la magurudumu ajue kwamba kila daraja lina ngazi. Mzee mmoja aliyekuwa na kikapu cha mboga alishika upande wa pili wa begi zito kwenye daraja la tatu, akalivusha, akaenda zake bila kusubiri asante.

Baadhi ya siku za Aprili hadi Julai, mgeni anayekuja Venice kwa mchana tu hulipa ada ya kuingia mjini. Kwa utaratibu wa 2025 ilikuwa euro 5 ukilipa mapema na 10 ukichelewa. Anayelala mjini hadaiwi, ila ana kodi ya malazi hotelini.

Jumanne na Jumatano, Maktaba ya Marciana

Msomaji haingilii kwenye ukumbi wa watalii. Mlango wake ni Piazzetta San Marco namba 7, upande wa Zecca, jengo la zamani la kufua sarafu, penye majitu mawili ya mawe pande zote mbili. Mkusanyiko ulianza kwa zawadi ya Kardinali Bessarion mwaka 1468, Mgiriki aliyetaka vitabu vya Kigiriki viwe na makao baada ya Konstantinopoli kuanguka mwaka 1453. Ndiyo maana safari ya unabii wa mapapa inaanzia hapa wala si Roma: picha zenyewe asili yake ni ya Kigiriki.

Kabla ya mapapa palikuwa na makaizari. Bizanti, dola ya Kigiriki ya Konstantinopoli, ilikuwa na mafumbo yaliyohusishwa na Kaizari Leo VI Mwenye Hekima, aliyetawala 886 hadi 912, ingawa yalitungwa baada yake. Kila fumbo lilikuwa na mchoro: dubu na wanawe, nyoka, mtu aliyeshika mundu na ua la waridi, mzee aliye nusu uchi juu ya mwamba, kisha malaika akimvika mtu taji. Mwishoni mwa karne ya 13 au mwanzoni mwa karne ya 14, mtu au kundi la watu nchini Italia lilichukua michoro hiyo, likaondoa makaizari na kuweka mapapa. Dubu alipata kazi mara moja. Papa Nikolasi III, aliyechaguliwa mwaka 1277, alitoka ukoo wa Orsini, na jina hilo linatokana na dubu. Mshairi Dante naye alimweka papa huyohuyo motoni na kumfanya ajiite mwana wa dubu jike. Kashfa kwamba alineemesha ndugu zake ilikuwa inajulikana na kila mtu. Mchoro wa dubu akilisha watoto haukuhitaji maelezo.

Vitu viwili vya kuomba Marciana. Cha kwanza ni Lat. III 177 (=2176), kitabu cha mwaka 1469 kilichonakiliwa na mtawa Mdominiko aitwaye Rusticianus. Ndani yake kuna unabii wa Telesphorus wa Cosenza, ulioenea wakati wa Mfarakano Mkuu wa Magharibi (1378–1417), mapapa walipokuwa wawili na baadaye watatu. Telesphorus anasema malaika alimtokea alfajiri ya Pasaka mwaka 1386. Kitabu alikielekeza kwa Antoniotto Adorno, doge (mtawala) wa Genoa, na ujumbe wake ni wa kisiasa moja kwa moja: mfalme Mfaransa aitwaye Charles atamshinda Friedrich wa Wajerumani na kutawazwa kaizari na Papa wa Kimalaika, papa mtakatifu aliyetarajiwa kulitakasa Kanisa. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mwaka 1494, Charles VIII wa Ufaransa aliingia Italia na jeshi, na watu walikuwa tayari na unabii wa kumpima nao.

Cha pili ni Gr. VII 22 (=1466), kazi ya mchoraji Georgios Klontzas wa Krete, ya miaka 1590 hadi 1592, yenye mamia ya picha ndogo. Ni historia ya dunia tangu uumbaji, inayoteleza hadi kwenye mafumbo ya Leo na matumaini ya kuanguka kwa Waturuki. Cyprus ilikuwa imeshatoka mikononi mwa Venice na kuchukuliwa na Waturuki mwaka 1571, na Krete, iliyokuwa bado chini ya Venice, ilijiona ndiyo zamu yake.

Tahadhari ya namba: Marciana ina namba ya rafu ya zamani na namba ya hesabu inayoandikwa kwenye mabano. Andika zote mbili kwenye fomu. Ukiandika moja tu, ombi linaweza kurudi, na nusu siku imepotea. Pia usishangae ukipewa kwanza picha za dijitali au mikrofilamu. Kwa mswada dhaifu ndio utaratibu wa karibu kila maktaba. Ili upewe kitabu chenyewe, eleza kwa maandishi kitu ambacho picha haionyeshi: mpangilio wa vipeto (mafungu ya karatasi zilizokunjwa na kushonwa pamoja), rangi ya wino, alama ya maji, au sehemu iliyokwanguliwa.

Mezani ni penseli tu. Kitabu kinalala juu ya mto wa sponji, kurasa zinashikwa na kamba nzito zenye risasi ndani. Glavu nyeupe za kwenye filamu hazihitajiki kwa kawaida. Mikono iliyooshwa na kukaushwa ni bora, kwa sababu kidole chenye kitambaa hakihisi ukingo wa ukurasa na huupasua.

Chakula: katika baa ndogo za Venice vipande vya mkate vyenye kitoweo juu, cicchetti, huuzwa kimoja kimoja, na ukila umesimama kaunta unalipa pungufu ya anayeketi. Cha samaki aliyepondwa kwa mafuta, baccalà mantecato, kinafaa kwa asiyekula nguruwe. Jioni ingieni kanisa la San Marco. Wenyeji wa zamani walisimulia kwamba Joakimu ndiye aliyeelekeza michoro ya mozaiki yake, mapapa wajao wakiwamo. Hakuna ushahidi, lakini simulizi hiyo inaonyesha jinsi jina lake lilivyokuwa na uzito mjini hapa.

Alhamisi, Bologna

Treni ya kasi kutoka Santa Lucia huchukua kama saa moja na nusu. Hakuna la kusimulia njiani ila ukungu.

Bologna ni kituo cha uchapaji. Mwaka 1515 mtawa Mdominiko Leandro Alberti alichapa hapa Vaticinia, na kanisa la watawa wenzake, San Domenico, liko matembezi mafupi kutoka uwanja mkuu. Baada ya chapa, picha zilitoka mikononi mwa wachache wenye uwezo wa kumlipa mnakili na mchoraji. Mwaka 1527 zilifika Nuremberg, ambako Andreas Osiander, mhubiri wa upande wa mwanamageuzi Martin Luther, alitoa toleo lake na mashairi ya Hans Sachs, fundi viatu na mshairi. Yule mtu mwenye mundu na waridi, aliyekuwa kaizari kwa Wagiriki na papa kwa Waitalia, sasa akawa Luther, kwa kuwa waridi lilikuwa kwenye muhuri wake. Baraza la mji lilikasirika, likazuia kitabu na kumwonya Sachs arudi kwenye ushonaji wa viatu.

Hapo ndipo mantiki ya aina hii ya kitabu inapoonekana wazi. Picha haibadiliki, anayebadilika ni mtu anayebandikwa juu yake. Anayekwenda kusoma miswada hii kwa kuuliza kama unabii ulitimia atachoka bure. Swali lenye faida ni nani alibandikwa, lini, na nani alifaidika.

Chakula cha mchana kilikuwa tagliatelle kwa mchuzi wa nyama. Muulize mhudumu nyama ipi; mara nyingi ng'ombe na nguruwe huchanganywa.

Ijumaa, Reggio Emilia

Treni ya mkoa, dakika arobaini na kitu, chini ya euro 10. Tiketi ya karatasi ya treni za mkoa lazima igongwe muhuri kwenye mashine ndogo kabla ya kupanda. Usipoigonga ni faini hata kama umelipa. Tiketi ya simu nayo ina kitufe cha kuthibitisha safari, usisahau kukibonyeza.

Wengi huruka mji huu, na ni kosa. Hapa, katika miaka ya 1930, padri Leone Tondelli alitambua katika maktaba ya seminari nakala ya Liber figurarum, kitabu cha michoro ya Joakimu na wanafunzi wake wa kwanza. Nakala nyingine muhimu iko Oxford, Corpus Christi College, MS 255A. Si kazi ya zama za Renaissance, ni ya mwanzoni mwa karne ya 13, lakini bila kuiona huwezi kupima umbali kati ya Joakimu mwenyewe na vitabu vilivyojipachika jina lake. Joakimu anachora duara tatu zilizoshikana za Utatu, miti inayokua na kuwa tai, joka la vichwa saba ambalo vichwa vyake ni watesi wa Kanisa, Nero akiwa kimojawapo na Saladini, wa wakati wake, akiwa cha sita. Anagawa historia yote katika hali tatu: ya Baba, ya Mwana, ya Roho. Mapapa mmoja mmoja na koo zao hawamshughulishi.

Omba miadi kwa barua pepe mapema, na uulize kama utaona kitabu chenyewe au nakala iliyochapwa. Mhudumu wa mapokezi, alipoona tumefika kabla ya saa ya miadi, alitutolea viti viwili na kutuletea katalogi ya maonyesho ya zamani tuipitie bila kuombwa.

Mkate wa mboga wa hapa, erbazzone, unaonekana wa mboga tupu, lakini unga au mboga mara nyingi huwa na mafuta ya nguruwe. Uliza.

Jumamosi, njiani kwenda Roma

Treni ya kasi ilichelewa zaidi ya saa moja, bila maelezo. Kwa sheria ya Umoja wa Ulaya, ucheleweshaji wa dakika 60 hadi 119 unakupa haki ya kurudishiwa robo ya nauli, na kuanzia dakika 120 nusu. Tunza tiketi, jaza fomu baadaye.

Jumapili hakuna maktaba.

Jumatatu na Jumanne, Vatican

Geti ni Porta Sant'Anna. Walinzi wa Uswisi wanataka kusikia neno “Biblioteca” na kuona pasipoti. Ndani unakwenda ofisi ya kuandikisha wasomaji na barua yako. Wanaopokewa ni watafiti na wanafunzi wa ngazi za juu wenye mada mahususi. “Napenda unabii” haitoshi. “Nalinganisha majina ya mapapa katika miswada ya Vaticinia ya wakati wa Eujeni IV” inatosha. Fungua kwanza tovuti ya picha za dijitali ya maktaba hii, upitie miswada inayoonekana bure, na uje na maswali yaliyobaki tu.

Mfululizo wa kwanza wa picha 15 za Vaticinia huitwa kwa maneno yake ya kuanzia, Genus nequam. Kizazi kimoja baadaye ukatungwa mwingine wa picha 15, Ascende calve, maneno ya kejeli yanayotoka kwenye kisa cha nabii Elisha, aliyeitwa kipara na watoto na dubu wakawararua. Yote miwili ilianza na Nikolasi III. Mwanzoni mwa karne ya 15, katika miaka ya Mtaguso wa Konstanz, mkutano wa Kanisa uliomaliza mfarakano, iliunganishwa kuwa kitabu kimoja cha picha 30. Lakini iliunganishwa kinyume: ule mpya ukawekwa mbele, ule wa zamani nyuma.

Matokeo yake ni makubwa. Ukihesabu mapapa 15 kuanzia Nikolasi III unafika kwa Urbano VI, ambaye uchaguzi wake mwaka 1378 ndio ulioleta mfarakano. Picha ya 15 ni ile ya mnyama wa kutisha, iliyokusudiwa kuwa mwisho wa mambo, na sasa imemwangukia papa huyo kwa hesabu tu. Kisha namba 16 ni dubu tena, lakini Orsini hayupo. Kwa kawaida jina hapo ni Bonifasi IX. Wale mapapa watakatifu wanaovikwa taji na malaika, ambao katika mfululizo wa zamani wangekuwa wameshapita, wamesukumwa mbele, kwenye miaka ambayo msomaji wa karne ya 15 alikuwa anaingojea.

Jinsi ya kuusoma ukurasa mezani: anza na picha na andika vitu vyote, hata vidogo, mundu, herufi, ndege, idadi ya vichwa. Soma kauli fupi iliyo juu. Soma matini. Jina la papa liache la mwisho, kwa sababu mara nyingi si la mkono uleule. Angalia wino wake: je, ni mwekundu wa mnakili wa kwanza, au kahawia wa mtu wa baadaye? Kisha nenda ukurasa kwa ukurasa hadi majina yakome. Eujeni IV, aliyetawala 1431 hadi 1447, ni wa 22 katika hesabu hiyo. Ukikuta mnakili ameandika hadi Eujeni na namba 23 imeachwa wazi, kitabu kimenakiliwa wakati wake. Ukikuta Nikolasi V na Kalisti III kwa mwandiko tofauti, mwenye kitabu aliendelea kujaza kila papa mpya alipochaguliwa. Kabla ya mshono huo, yaani pale majina ya mnakili wa kwanza yanapokoma, ni historia iliyovishwa nguo za unabii, na ndiyo inayompa msomaji imani. Baada yake ndiko kuna siasa ya kweli ya mwandishi, yaani anachokitaka.

Kinachoharibu hesabu ni karatasi iliyopotea. Jani moja likitoka, picha mbili zimekwenda, na mwenye kitabu wa baadaye aliyejaza majina bila kugundua pengo huwasogeza mapapa wote. Kwa hiyo hesabu majani kwanza, tafuta kipeto chenye nyuzi pasipo jani la pili, ndipo uamini majina. Tatizo jingine ni pale mnakili alipokosea kujua kama picha ni ya matini iliyo juu yake au chini yake. Ukiona maneno yanazungumzia nyoka na picha ni mtawa, jaribu kusogeza hatua moja.

Mlo karibu na geti ni ghali na wa haraka. Vuka kuelekea mtaa wa Prati; supplì, donge la wali lililokaangwa lenye jibini katikati, linashibisha kwa bei ndogo. Tiketi ya Makumbusho ya Vatican ilikuwa euro 20, na 5 zaidi kwa kuhifadhi nafasi mtandaoni. Ukiingia kanisa dogo la Sistina, tazama dari la Michelangelo: manabii saba na masibila watano, wanawake watabiri wa kipagani, wamekaa kwenye safu moja, juu ya mahali makardinali wanapomchagua papa.

Jumatano, Roma hadi Cosenza

Treni hadi Paola pwani, zaidi ya saa tatu, bahari upande wa kulia. Badilisha hapo, treni ndogo hupenya milima kwa handaki refu na kufika Cosenza muda mfupi baadaye. Beba maji na mkate, kwa sababu ukikosa ya kuunganisha, kusubiri ni kurefu.

Alhamisi, San Giovanni in Fiore

Basi hupanda barabara kuu ya SS107 kwenye misonobari ya Sila. Mji uko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, na Oktoba asubuhi ni baridi ya koti. Tiketi hununuliwa baa au duka la sigara, si kwa dereva. Wetu, aliposikia tunakokwenda, alisimamisha basi kwenye kona iliyo karibu na abasia na kuonyesha kwa kidole ngazi za kushukia.

Abasia ni jengo la mawe lisilo na mapambo, lilianza kujengwa baada ya monasteri ya kwanza kuungua mwaka 1214. Joakimu alifariki mwaka 1202. Mwili wake uliletwa hapa baadaye. Kituo cha kimataifa cha masomo yake kiko ndani ya majengo haya, na maktaba yake ndiyo mahali pa kuuliza matoleo ya kisasa ya matini. Fanya hesabu ukiwa hapo: tangu 1202 hadi Nikolasi III kuchaguliwa ni miaka 75. Mtu huyu hakuandika Vaticinia. Jina lake lilitumika kwa sababu lilikuwa tayari na sifa ya unabii, na unabii wenye mwenyewe marehemu hauwezi kukanushwa naye wala kumfikisha yeye mahakamani.

Aliye hai alifikishwa. Francesco Barozzi, mwanahisabati wa Krete, alitengeneza mwaka 1577 nakala ya kifahari ya mafumbo ya Leo, kwa mkono wa Klontzas yuleyule, akaielekeza kwa Giacomo Foscarini, mtawala mkuu aliyetumwa na Venice kisiwani. Miaka kumi baadaye Barozzi alihukumiwa na Inkwizisheni ya Venice, mahakama ya Kanisa, kwa uchawi. Kitabu chake kilinunuliwa na Waingereza pamoja na mkusanyiko wote wa ukoo wake, na tangu 1629 uko maktaba ya Bodleian, Oxford. Hiki ni Barocci 170, na kimewekwa mtandaoni.

Duka la mikate mjini linauza pitta 'mpigliata, keki ya kuviringwa yenye jozi na zabibu kavu; nunua inayobebeka, inakaa siku nyingi bila kuharibika. Mabasi ya kurudi Cosenza ni machache alasiri na Jumapili karibu hakuna, kwa hiyo piga picha ratiba kituoni unaposhuka, kabla ya kwenda kokote.

Kwa asiyeweza kusafiri, mpangilio unaofaa ni huu: Barocci 170 kwanza, uone picha zikiwa bado za makaizari, kisha nakala yoyote ya Vaticinia ya karne ya 15 kwenye tovuti ya Vatican, ukitafuta majina yanapokoma, mwisho chapa ya Venice ya 1589 ya Girolamo Porro, yenye maelezo ya Pasqualino Regiselmo kwa Kilatini na Kiitaliano, aliyelinganisha miswada kadhaa na kueleza inapotofautiana.